Kuutawala mpira mweupe kwenye pool: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukitazama michezo ya mshindi-anabaki kwenye baa za Sinza, Temeke au Mbagala jijini Dar es Salaam, utaona kwamba anayepoteza meza mara nyingi hakukosa mpira mgumu. Alizamisha mpira mwepesi, kisha mweupe ukaendelea kuteleza, ukajibanza nyuma ya mipira ya mwenzake, na pigo lililofuata likawa la kubahatisha. Mwongozo huu unahusu jambo hilo tu: mweupe uende wapi ukishagonga, na uufikishe vipi hapo.

Utaratibu wake ni huu: meza, fimbo, mkono, mwendo, kimo cha kugonga, kisha saidi, yaani kugonga mweupe kushoto au kulia kwa katikati, na kupanga mwisho. Wengi huanza na saidi kwa sababu inapendeza machoni. Hiyo ndiyo inayowachelewesha.

Hatua ya 1: Ijue meza, na hasa mweupe wake

Meza nyingi za mitaani Dar ni zile ndogo za futi 7 zinazofunguka kwa sarafu au tokeni. Mipira ya rangi kwenye meza hizo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 51. Mweupe mara nyingi ni mdogo kidogo, kama milimita 48, kwa sababu meza inautenganisha kwa ukubwa: mpira mkubwa unaelekea sandukuni na kufungiwa, mdogo unapita njia yake na kurudi kwako.

Milimita 3 ni kitu kidogo kwa macho, lakini kwa mipira ya malighafi moja mweupe unakuwa mwepesi kwa karibu asilimia 17. Mpira mwepesi ukigonga mzito hudunda nyuma kidogo. Kwa hiyo kwenye meza hizi mweupe unarudi kwa urahisi na unafuata kwa shida, na pembe zake ni pana kuliko zile unazoziona kwenye video za meza kubwa. Aliyejifunza kwenye video peke yake hushangaa kwa nini mweupe haumtii.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Panga mipira mitatu kwa mstari, igusane, mweupe ukiwa katikati ya miwili ya rangi. Laza fimbo juu yake, kisha inama hadi macho yawe usawa wa mipira. Ukiona mwanga unapenya kati ya fimbo na mweupe, basi mweupe ni mdogo. Fimbo ikigusa yote mitatu, ukubwa ni sawa, ila bado uzito unaweza kutofautiana: kuna meza ambazo mweupe wake una chuma ndani ili unaswe na sumaku. Huo utautambua kwenye hatua ya 5. Kwenye kumbi zenye meza kubwa na mipira ya milimita 57, mweupe na mipira ya rangi kwa kawaida ni ya ukubwa na uzito mmoja.

Halafu pima kama meza imelala upande mmoja. Sukuma mweupe taratibu kwa urefu wa meza, sentimita 10 kutoka ukingoni, na uangalie sentimita 30 za mwisho kabla haujasimama. Rudia kutoka upande wa pili. Ukipinda kuelekea upande uleule wa meza mara zote mbili, meza imelala upande huo. Mwenye meza akiwa na nia, pima maji ya fundi na kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu vinatosha kuisahihisha. Asipokuwa nayo, epuka mapigo ya polepole yanayokata mteremko.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kipindi cha masika, au usiku wenye unyevu kwenye meza iliyo chini ya banda la wazi, kitambaa hunywa unyevu na kuwa kizito. Pigo lililokwenda na kurudi jana, leo linaishia njiani. Hakuna kanuni ya kukariri hapa. Pima mwendo kila unapofika mezani.

Hatua ya 2: Fimbo, chaki na jasho

Angalia ngozi ya ncha. Iliyobonyea, ikawa bapa na kung'aa, haishiki mpira. Itateleza kila unapojaribu kugonga chini. Ikwangue kwa msasa laini wa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kidogo kidogo, hadi iwe na mgongo wa kuba na uso usiong'aa. Usiile ngozi yote.

Chaki hupakwa kwa kupangusa, kama unayepiga mswaki, huku ukiizungusha fimbo. Kuichomeka fimbo ndani ya chaki na kuikoroga kunapaka kingo na kuacha katikati patupu. Paka kila pigo. Chaki iliyoshika mafuta ya chipsi au jasho huganda, hivyo ni vyema uwe na yako mwenyewe kwenye kimfuko cha nailoni.

Joto letu linaloesha mikono, na fimbo inayonasa kwenye vidole haiendi sawa. Futa fimbo na mkono kwa kitambaa kikavu. Poda inasaidia, ila kiasi cha ncha ya kidole tu, kwa sababu inayozidi inaishia kwenye kitambaa cha meza na kwenye mipira.

Hatua ya 3: Mkono unaokwenda ulikoutuma

Mkono wa mbele uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mweupe. Ukienda mbali zaidi ya hapo ncha huanza kuyumba. Mkono wa nyuma uishike fimbo kama unavyomshika kifaranga: asitoroke, asiumie. Fimbo ikae karibu na mlalo wa meza kadiri ukingo unavyoruhusu.

Zoezi: weka mweupe katikati ya mstari wa kuanzia, ugonge katikati kabisa, uende hadi ukingo wa mbali na kurudi. Unapaswa kurudi kwenye ncha ya fimbo yako. Ukirudi kulia au kushoto, ama umelenga vibaya ama umegonga pembeni bila kujua, na bila kujua ndilo tatizo kubwa zaidi.

Kujua ni rahisi. Futa mweupe uwe safi. Paka chaki vizuri. Gonga kwa upole, mpira uende sentimita 20 tu, kisha uokote uutazame. Chaki imeacha doa dogo la buluu, upana wake hauzidi punje ya mchele. Ukitaka kujua doa lilipaswa kuwa wapi, tumia mpira wenye namba badala ya mweupe, namba ikukabili, na uilenge hiyo namba. Wengi hugundua kwamba walichodhani ni katikati ni milimita 3 au 4 upande wa kulia, kila mara. Hilo si la kulaumiana. Ni jicho na mkono havijakubaliana. Sogeza kidevu juu ya fimbo hadi doa liangukie kwenye namba. Usihamie hatua inayofuata mpaka upate mara 7 kati ya 10.

Hatua ya 4: Mwendo

Hapa ndipo penye utajiri wa mchezo huu, na ndipo watu wanapita haraka. Mchezaji mwenye mwendo mzuri na kimo cha katikati peke yake atamshinda mwenye kila aina ya mzunguko asiyejua nguvu zake.

Chukua karatasi moja ya A4. Iweke katikati ya meza upande wa mbali. Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia, bila mpira mwingine wowote mezani, tuma mweupe usimame juu ya karatasi. Ukipata mara 6 kati ya 10, sogeza karatasi: iguse ukingo wa mbali, kisha iwe katikati ya meza lakini mweupe ufike hapo ukitoka kwenye ukingo, kisha iwe pale ulipoanzia, mweupe uende na kurudi, na mwisho uende, urudi, ugonge ukingo wa karibu na kusimama katikati. Ukishaziweza zote, kunja karatasi nusu na uanze upya.

Mwendo haupimwi kwa kukaza mkono. Unapimwa kwa urefu wa kuvuta fimbo nyuma. Pigo fupi, vuta sentimita 5. La kwenda na kurudi, vuta 12 au 15. Kasi ya mkono ibaki yenye utulivu uleule. Anayevuta mbali kisha kupunguza mwendo katikati ya pigo hupoteza vyote viwili, shabaha na kipimo.

Zoezi hili halili tokeni, maana hakuna mpira unaozama. Mchana kabla watu hawajajaa, wenye meza wengi hukubali ukiomba kwa adabu.

Hatua ya 5: Kusimamisha

Mweupe ukigonga mpira mwingine uso kwa uso huku ukiwa unateleza bila kuviringika, unakabidhi mwendo wake wote na kusimama palepale. Shida ni kwamba kitambaa hakiuachi uteleze milele: kadiri unavyosafiri, msuguano unaugeuza uanze kuviringika, na unaoviringika utaendelea mbele baada ya kugonga. Ndiyo maana kimo cha kugonga hubadilika kwa umbali. Kwa nguvu ya wastani anzia hapa:

- mipira iko sentimita 30 mbali: katikati kabisa;
- sentimita 60: milimita 4 au 5 chini ya katikati;
- mita 1: milimita 8 hadi 10 chini.

Mweupe ukisogea mbele baada ya kugonga, shusha ncha kidogo au ongeza nguvu. Ukirudi, pandisha. Na hapa utaujua uzito wake: kwenye pigo la sentimita 20, la katikati, lenye nguvu ya wastani na lililonyooka, mweupe mwepesi utarudi sentimita chache wenyewe, mzito utasogea mbele. Kumbuka jibu la meza hiyo usiku mzima.

Jifunze pigo hili hadi uchoke nalo. Kusimama kunamaanisha unajua kwa uhakika mweupe utakuwa wapi: palepale ulipougusa mpira uliozama.

Hatua ya 6: Herufi L na herufi V

Mapigo mengi hayajanyooka, na mweupe hauwezi kusimama ukigonga kwa pembe. Utakwenda mahali, na mahali hapo panajulikana kabla hujapiga.

Kama mweupe unateleza bila kuviringika wakati wa kugonga, utaondoka kwa pembemraba, digrii 90, na njia ya mpira uliougonga. Nyoosha kidole gumba na cha shahada upate herufi L: kidole kimoja kielekee shimo, kingine kinakuonyesha njia ya mweupe. Kwenye meza zenye mweupe mdogo, fungua L hiyo kidogo kuelekea nyuma. Kwa pigo la nusu mpira, yaani unapolenga katikati ya mweupe kwenye ukingo wa mpira wa rangi, tofauti hufika digrii 7 hadi 10. Hizo zinatosha kuutumbukiza mweupe shimoni wakati ulidhani utapita pembeni.

Kama mweupe unaviringika wenyewe, sheria ni nyingine. Kwa mapigo yote kati ya robo mpira na robo tatu, unakengeuka karibu digrii 30 kutoka njia uliyokuwa nayo, hata ukikosea kidogo kiasi cha mpira unachokigonga. Vidole viwili vilivyotanuliwa, shahada na cha kati, vinakupa herufi V ya karibu kipimo hicho: kimoja kielekee ulikolenga, kingine ni njia ya mweupe. Kwa mweupe mdogo, tanua vidole zaidi, digrii 4 au 5 hivi.

Ili mweupe uviringike mara tu unapoondoka, gonga kwenye sehemu 7 kati ya 10 za kimo chake kutoka mezani, ambayo kwa mpira wa milimita 48 ni karibu milimita 9 au 10 juu ya katikati. Juu zaidi hapaongezi faida kubwa, panaongeza kuteleza kwa ncha.

Kati ya L na V ndimo mlimo na karibu kila pigo utakalopiga. Kwa hiyo kabla ya kuinama, uliza swali moja: kati ya njia hizi mbili, ipi inanipeleka kwenye mpira unaofuata, na je, kuna shimo linaloningoja njiani?

Hatua ya 7: Kurudisha

Mpira wa rangi uwe sentimita 40 mbele ya mweupe, shimo moja kwa moja. Shusha mkono wa mbele, ubapaze kwenye kitambaa, ili ncha ishuke bila wewe kuinua kitako cha fimbo. Mguso uwe milimita 8 hadi 10 chini ya katikati. Mwisho wa usalama ni nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingo wa mpira, yaani karibu milimita 12. Ukivuka hapo ncha inateleza hata kwa chaki mpya. Sukuma fimbo ipite mbele sentimita 10 hadi 15 baada ya kugusa, na uiache hapo. Usiirudishe.

Makosa ni yaleyale karibu kwa kila mtu. Mweupe ukisimama badala ya kurudi, ulidhani unagonga chini lakini mkono uliipandisha ncha sekunde ya mwisho. Doa la chaki litakuonyesha. Mweupe ukiruka, uliuchota kutoka chini badala ya kuupitia. Ukirudi karibu lakini si mbali, pigo limekosa mwendo: mzunguko wa nyuma unaliwa na kitambaa kila sentimita, na kitambaa chenye manyoya kinaula haraka zaidi. Ndiyo sababu kurudisha kutoka mita 1 na nusu ni kazi tofauti kabisa na sentimita 40. Kwenye pigo la mbali tafuta kwanza njia nyingine, kama ipo.

Hatua ya 8: Saidi, kwa kipimo

Saidi, yaani kugonga kushoto au kulia kwa katikati, haibadilishi sana njia ya mweupe baada ya kugonga mpira. Inabadilisha unavyotoka ukingoni. Usipotarajia mweupe uguse ukingo, huna sababu ya kuitumia.

Gharama yake ni shabaha. Ukigonga kulia, mweupe unaanza kwa kukengeuka kushoto, na kama kitako cha fimbo kimeinuka, unarudi kulia kwa kupinda ukiwa njiani. Kwa umbali wa mita 1 hilo linatosha kukosa shimo. Anza na nusu ya upana wa ncha, si zaidi. Zoezi: tuma mweupe peke yake ugonge ukingo wa mbele kwa pembemraba, mara 5 bila saidi, mara 5 kwa saidi ya nusu ncha kulia, na uangalie unarudi wapi kwenye ukingo wa karibu. Ukiweza kutabiri mahali hapo, iingize mchezoni.

Hatua ya 9: Kupanga

Usilenge nukta. Lenga eneo, ukubwa wa ile karatasi ya A4, na uingie ndani yake kwa urefu: mweupe usafiri ukifuata mstari wa pigo linalofuata, badala ya kuukata. Ukifuata mstari, kuzidisha sentimita 20 hakuharibu kitu. Ukiukata, sentimita 5 tu zinakutupa upande mbaya wa mpira.

Jiachie pembe ndogo kila mara. Mpira ulionyooka kabisa unapendeza, lakini unakufunga: mweupe unaweza tu kusimama, kufuata au kurudi kwenye mstari mmoja. Na uweke mweupe angalau upana wa kiganja kutoka ukingoni, maana ukigusa ukingo unabaki na sehemu ya juu tu ya kugonga.

Chagua mapema mpira utakaoutumia kuufikia mweusi, mpira unaomaliza mchezo: ule ulio karibu nao na unaozamika kwa pigo la kusimamisha. Uache huo mpaka mwisho hata kama unakuvutia kuuzamisha sasa.

Tokeni moja, mipira 15

Kwa kuwa kila mpira unaozama umefungiwa, mazoezi ya meza za sarafu lazima yapangwe. Usipasue, yaani usianze kwa kuitawanya mipira kwa pigo moja. Weka mipira mmoja mmoja. Mitano ya kusimamisha: miwili kwa sentimita 30, miwili kwa 60, mmoja kwa mita 1. Mitano ya pembe ya nusu mpira, mitatu ya V na miwili ya L. Weka kipande cha chaki pale unapodhani mweupe utapita, upige uone. Mitatu ya kurudisha, kutoka sentimita 40. Iliyobaki miwili iweke pamoja na utaje kwa sauti mweupe utasimama wapi kabla ya kuzamisha wa kwanza.

Ukikosa, usirudie papo hapo kwa hasira. Tazama kwanza mweupe ulisimama wapi. Mpira uliokosa shimo kwa sentimita moja huku mweupe ukiwa mahali pake ni pigo zuri kuliko lililozama huku mweupe ukiwa umefuata shimoni, na unapojifunza, hesabu hivyo.